Tone la Kulinganishia

Dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi Nangara, alinijia maabara akiwa na vipele usoni na mimba ya miezi miwili. Nusu ya darasa lake walikuwa na vipele hivyo hivyo.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Niambie kama ni rubela, ile inayodhuru mtoto tumboni. Nikijua, nitajiandaa."

Nilikuwa nimesoma kweli, na nilihakikisha Babati nzima inajua. Kwenye friji ya mafuta ya taa nilikuwa na kichupa kimoja cha kingamwili, masalio ya watafiti wageni. Zilizitambua protini za virusi vya rubela: ukizichanganya na ute wa koo wenye virusi, mchanganyiko unaganda punje punje. Kama havimo, unabaki laini.

Ulibaki laini.

"Safi, Dada," nikamwambia. Akacheka, akaniahidi kuku.

Kuna jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halisahau: kupima kwanza sampuli inayojulikana kuwa na virusi, uone kama kingamwili bado ni nzima. Sampuli hiyo ilibaki tone moja. Miaka ile tulibana kila kitu. Sabuni tuliikata kwa uzi, majani ya chai tuliyachemsha mara tatu. Nikabana na tone hilo, nikapima bila kulitumia. Nilijiona mzalendo.

Kesho yake nikamkuta mhudumu akijaza mafuta kwenye friji.

"Ilizimika tangu Ijumaa," alisema. "Mkubwa alichukua mafuta, ya taa za wageni wa mkoa. Hawakukwambia?"

Nikamfuata mkubwa ofisini.

"Kwani mlikuwa na nyama humo?" aliniuliza.

Nikarudi, nikalitumia lile tone. Laini. Tone lenye virusi, na bado laini. Kingamwili zilikuwa zimeharibika.

Jioni nilikwenda Nangara kumwambia. Kuku alikuwa ameshaiva. Dada aliniwekea firigisi, heshima ya baba mwenye nyumba, akasema mbele ya shemeji, "Huyu ndiye aliyenitoa hofu." Nikala. Sikusema kitu.

Mpwa wangu alizaliwa kiziwi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema safi, kwa hiyo hakuna aliyefikiria masikio. Akiitwa asigeuke, alichapwa. Miaka miwili dada alimchapa mwanawe kwa ukaidi.

Mkubwa yule namchukia mpaka leo. Ila friji iliharibu kichupa tu. Firigisi niliitafuna mwenyewe.