Siku Kiherehere Aliponyamaza

Shemeji yangu hana breki ya mdomo. Nasema hivyo nikimpenda, na nilisema hivyo hivyo hata kipindi ambacho sikumpenda. Ukimwuliza saa atakujibu kabla hujamaliza swali, kisha atataka kujua unakwenda wapi, na usipomjibu atakukisia safari yako yote mpaka utakaporudi. Tangu shuleni walimwita Kiherehere, jina likamfuata ukubwani, na siku hizi analitumia mwenyewe kwenye simu. Kukaa kitako hawezi. Akiketi goti linacheza, goti likicheza meza inacheza, na chai za watu zinamwagika.

Mke wangu ndiye dada yake, na wala hutadhani walitoka tumbo moja. Yeye anaweza kukaa nawe saa nzima kwa maneno matatu, mawili kati ya hayo yakiwa "mm". Alikuwa mkataji wa turubai katika ushirika wetu. Tuko ishirini na sita, tunashona mikoba kwenye jengo lililokuwa ghala la madawati. Mimi ni fundi wa cherehani: natia mafuta, nabadilisha mikanda, nagombana na watu wanaovunja sindano na kudai imejivunja yenyewe. Kiherehere ndiye sauti yetu ng'ambo. Lugha ya wanunuzi alijifunza kwenye mapokezi ya hoteli, miaka minne, mahali ambapo mgeni akikaa kimya dakika moja inabidi umwulize kama anataka mto mwingine.

Hapo ndipo balaa letu lilipoanzia, ingawa sitamtwisha yeye peke yake. Sisi sote tumelelewa hivyo. Kwetu mgeni akinyamaza, mwenyeji amekosea mahali. Ukitaja jambo na mwenzio akakaa kimya, huyo amekataa, ila anakustahi asikwambie usoni. Basi nawe kwa heshima unamsaidia: unalegeza kidogo, unapunguza kidogo, mpaka uso wake ufunguke. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha, tuliyakuta kwa wazazi wetu tukayabeba.

Mwaka jana mnunuzi wetu mkubwa, mzee mmoja wa huko ng'ambo mwenye nywele nyeupe na sauti ya chini, aliagiza mikoba elfu nne. Yeye peke yake ndiye theluthi mbili ya kazi yetu. Tulikaa wote tukapima nguvu zetu, tukakubaliana tuombe wiki kumi na mbili. Kiherehere akaingia peke yake kuzungumza naye kwa video, akamtajia kumi na mbili. Mzee akanyamaza, akatazama chini. Kiherehere akasema kumi na moja. Kimya. Akasema kumi. Kimya, na safari hii mzee akavua na miwani. Shemeji alipotoka kile chumba alikuwa amelowa jasho, anatutangazia kwa furaha kwamba kazi tumeipata, tena mzee karidhika kabisa, kwa wiki nane.

Tulifanya kazi kama wendawazimu. Mezani kwa mke wangu turubai hupangwa tabaka thelathini, ndipo kisu cha umeme kipite. Yeye akawa anapanga hamsini. Glavu ya chuma ilikuwa inamchelewesha, akaivua. Wiki ya sita, asubuhi, nikiwa nimeinama chini ya cherehani, nikasikia kisu kimebadilisha mlio. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, vilikatika kwenye kiungo. Mikoba ilifika kwa wakati.

Mke wangu hakumlaumu mdogo wake hata kwa jicho. Mimi nililaumu kwa niaba ya wawili. Miezi mitatu nilimsalimia shemeji kama ninavyomsalimia mtu aliyekuja kusoma mita. Naye kila siku alikuja kwetu, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akafagia palipofagiliwa, huku anaongea: bei ya sabuni, mbwa wa jirani, mlango wetu unaolia. Aliongea kila kitu isipokuwa vidole. Nilikuwa natamani nimwambie anyamaze, halafu naogopa angenyamaza kweli, tubaki tunatazamana.

Mwaka huu mzee akarudi na oda nyingine ya elfu nne. Mke wangu, kwa kuwa kisu hakishiki tena, tulikuwa tumemchagua mwenyekiti, na neno lake likawa moja: wiki kumi na mbili. Wakataji wote walikwisha sema chini ya hapo hawagusi kisu. Na mzee naye akikataa, nusu yetu tunarudi nyumbani kabla mwezi haujaisha. Nilijua hilo vizuri, maana cherehani zikisimama fundi ndiye wa kwanza kukosa cha kufanya.

Kiherehere aliomba atumwe mtu mwingine. Tukamwuliza nani, ikiwa sisi wengine lugha ile hatujui hata salamu.

"Tutaingia wote," mke wangu akamwambia. "Utataja kumi na mbili, kisha utanyamaza. Akikataa, akatae mwenyewe kwa mdomo wake."

"Dada, nitashindwa. Unanijua."

Mimi nikachomeka utani, na haukuwa utani mzuri. Nikamwambia ajaze maji mdomoni. Nilitegemea anirushie neno, maana mashemeji ndivyo tulivyo, lakini alinitazama kwa makini kama mgonjwa anayeelekezwa dawa. Akaenda kutafuta kikombe.

Chumba chetu cha ofisi kina viti vitatu, feni moja na saa ya ukutani, na kidirisha cha kutazamia washonaji. Mimi niliwekwa karibu na kisanduku cha intaneti, nikipige kofi kikizubaa. Mazungumzo yalikuwa saa nne. Kufikia saa tatu na nusu Kiherehere alikuwa amekwenda msalani mara tatu, amepanga kalamu kwa urefu, amezipangua, amezipanga kwa rangi. Nami nilikuwa natembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, hatua nne kwenda, nne kurudi, mpaka mke wangu akaniambia nikae au nitoke.

Mzee akatokea kwenye skrini. Wakasalimiana. Kiherehere aliuliza mambo mengi, mzee akajibu machache. Kisha nikaona shemeji anainua vidole kumi, anaongeza viwili, ili na sisi tusiojua lugha tuone kwamba hakutuuza. Akachukua kikombe, akajaza maji mdomoni, akakiweka mezani.

Mzee akanyamaza.

Akatazama chini, akaandika kitu. Mshale wa sekunde ukaanza kuzunguka. Goti la Kiherehere likashika kasi, kikombe kikawa kinalialia juu ya meza. Mke wangu akautoa mkono wake wa kushoto, ule mkono, akauweka juu ya lile goti, lakini halikutulia. Mzee akavua miwani. Nusu dakika. Mashavu ya shemeji yalikuwa yamevimba, macho yamemtoka, anatutazama kwa zamu kama anayeomba ruhusa. Nje mashine zilikuwa zimesimama, washonaji wote wamebana pumzi kwenye kidirisha. Na mimi, ninayejifanya mkali, mimi niliyemnunia mtu miezi mitatu kwa kosa hili hili, nilikuwa tayari kumpa yule mzee wiki tisa, kwa ishara za mikono, kwa lugha nisiyoijua. Niliona aibu sana kulijua hilo. Dakika ikatimia, mshale ukaanza mzunguko mwingine.

Mzee akavaa miwani, akasema maneno mawili matatu. Kiherehere akameza maji yote kwa mkupuo, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi.

"Amekubali," alisema. "Kumi na mbili. Amekubali."

Nje kidirishani watu wakakumbatiana. Mke wangu akasema "mm", na mimi nikapiga kile kisanduku kofi bila sababu. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alikuwa anatabasamu, anaendelea kusema kitu kirefu kidogo kwa ile sauti yake ya chini, kisha akawa kama ameuliza swali. Tukamgeukia Kiherehere tupate tafsiri. Huyu ni mtu anayetafsiri sentensi kabla mwenyewe hajaifikisha mwisho. Hakutafsiri. Maji yalikuwa yamekwisha mdomoni, na bado alikuwa kimya.

"Anasemaje?" mke wangu akauliza.

Angeweza kutudanganya. Angesema mzee anatusalimia, anatutakia kazi njema, na sisi tungepokea tukaitikia. Kulainisha maneno ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na aliifanya vizuri. Nilimwona anavyolitafuta hilo neno laini, midomo ikicheza.

"Anauliza mbona mwaka huu hatuna haraka," akasema mwishowe. Alikuwa anatazama meza. "Anasema mwaka jana nilipotaja kumi na mbili alikwisha kuiandika. Alikuwa anatazama kalenda yake tu, kwao mtu akiambiwa jambo la maana anakaa nalo kwanza. Akashangaa nazidi kupunguza. Akadhani sisi ndio tunaotaka kumaliza mapema, akaona si adabu kutuzuia."

Nilitaka kupasua kitu, na sikujua nimkasirikie nani, maana yule mzee alikuwa amekaa pale na tabasamu lake la heshima, anasubiri jibu bila wasiwasi wowote. Mke wangu aliutazama mkono wake, bado uko juu ya goti la mdogo wake. Hakuuondoa.

"Mwambie," akasema, "mwaka jana nilikuwa na vidole kumi."

Kiherehere akamtazama dada yake. Kisha akaigeukia skrini akasema. Hata kwa lugha ile ilikuwa sentensi fupi. Hakuanza na samahani, hakumalizia na kicheko, hakumwuliza mzee habari za nyumbani. Mke wangu akauinua mkono mpaka ukaonekana.

Mzee akatazama, akavua miwani, akanyamaza. Feni ilizunguka, na goti la shemeji lilikuwa limetulia kimya. Tukakaa pale watu watatu, na hakuna aliyemsaidia.