Pampu Isiyougua

Andati alikuwa ameendesha malori ya miwa kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwamini mtu hata mmoja kwa siku nzima. Akinunua kilo ya sukari Navakholo, aliipitisha kwenye mizani ya duka la pili. Hotelini aliagiza nyama kisha akasimama dirishani kuangalia inavyopakuliwa. Hata kanisani, wakati wa maombi, alifumba jicho moja tu. Mkewe Gentrix alishamzoea. Simu yake ikiita, alimwonyesha jina kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo Mwalimu Khalayi, mwenye lori, alipomwambia kwamba anataka pampu ya dizeli ifunguliwe yote, isafishwe na kutiwa vipuri vipya, Andati alipinga papo hapo.

"Lakini Madam, pampu iko sawa. Gari inawakanga mara moja tu asubuhi. Nani anatibu mtu hajagonjeka?"

"Kiwanda kinafungua baada ya wiki mbili," alisema Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu na hakupenda kurudia maneno. "Msimu uliopita lori ya jirani yangu Naliaka iliharibika pampu ikiwa imebeba. Miwa ikakauka kwa barabara siku nne. Mimi sitangoja yangu iharibike."

Sababu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtia Andati wasiwasi. Tangu azaliwe hajaona mtu akifungua chombo kinachofanya kazi. Injini hufunguliwa ikikataa, na wakati mwingine hata ikikataa hupigwa nyundo kwanza. Mtu anayetengeneza kitu kizima ama anataka kukiuza, ama anatafuta kitu ndani yake. Usiku huo hakulala vizuri, maana ndani ya pampu ile kulikuwa na kitu cha kutafutwa.

Miaka miwili nyuma, fundi mmoja wa kando ya barabara alimfungulia skrubu inayoweka kiwango cha dizeli. Skrubu hiyo hufungwa kwa waya mwembamba wenye sili, muhuri wa madini ya risasi, ili mtu asiiguse. Baada ya hapo lori lilipanda milima na mzigo wake likitoa moshi mweusi tii, na madereva wenzake wakawa wanamkuta kwenye foleni ya kiwanda ameshafika, amekunywa chai. Kwa madereva wa miwa moshi mweusi ndiyo nguvu yenyewe, na Andati aliuonea fahari. Alifunga waya wa kawaida mahali pa sili, akapaka grisi, akanyamaza. Mwalimu alikuwa amesema siku ya kwanza kabisa: atakayechezea injini yangu, aende nyumbani.

Miezi michache baadaye Mwalimu aligundua kwamba dizeli inakwisha mbio. Wakati huo Andati alikuwa akipokezana zamu na Titus, mtu wa Iguhu, mcheshi, anayesalimia kila mtu njiani. Anayecheka hivyo ana kitu anaficha, Andati aliwaza. Hakumwona akinyonya tangi. Hakuona haja ya kumwona. Alimwendea Mwalimu akamwambia, "Mimi sitaji mtu, Madam, lakini angalia hiyo zamu ya jioni." Titus akamwaga unga wiki hiyo hiyo, na jina la mwizi likamfuata mpaka Iguhu. Dizeli iliendelea kwisha vile vile. Andati akahamishia macho yake kwa watu wa kituo cha mafuta, na Mwalimu akayahamisha ya kwake pamoja naye.

Sasa alikuwa amepakata pampu mapajani katika karakana ya Wandera, fundi wa pampu mjini Kakamega. Alikuwa ameitia alama kwa rangi ya kucha ya Gentrix, nyekundu, sehemu saba, ili vipuri vizuri visibadilishwe na vikuukuu. Aliapa kutoiondoa machoni hata kwa haja ndogo. Lakini kilichomkosesha raha zaidi ni Mwalimu Khalayi, aliyefika na teksi, akaketi kwenye benchi na mkoba wake magotini. Tangu lini mwenye gari akaja kukaa na fundi?

"Siifungui kabla sijaipima," alisema Wandera. "Nataka kuona ilikuwa inafanya nini."

Aliifunga juu ya mashine yake ya kupimia, akawasha. Dizeli ikaruka kwenye vichupa sita vya kioo na kupanda hadi kwenye mstari wa kipimo. Haikusimama hapo. Ikaupita mstari, vichupa vyote sita, mpaka karibu na mdomo. Wandera akazima mashine. Akainama, akapangusa grisi kwa kidole gumba, akauona ule waya.

"Mwalimu, hii pampu haijachoka sana. Lakini kuna mtu alifungua skrubu. Inamwaga karibu robo zaidi, na hiyo yote haichomeki. Inatokanga tu kama moshi."

"Robo?" aliuliza Mwalimu.

"Robo. Dizeli yako imekuwa ikienda juu, bure."

Andati aliangalia vile vichupa. Habari ya skrubu aliijua. Habari ya robo hakuijua, wala hakuwahi kuiuliza, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari na jina lake lilikuwa Titus. Alisikia aibu ikimpanda shingoni, moto, kama mtoto aliyekamatwa na mkono kwenye sufuria.

"Ni Titus huyo," alisema Mwalimu kwa uchungu. "Kumbe alikuwa ananiibia na bado ananiharibia pampu!"

Hapo palihitajika kukubali kwa kichwa tu. Kazi ingebaki, msimu ungefunguliwa, na Titus hangepoteza kitu ambacho hajapoteza. Andati alijikaza kisabuni.

"Si Titus, Madam. Ni mimi niliambia fundi aifungue. Na hakuna mtu ameiba dizeli. Titus hakuiba."

Mwalimu akatabasamu, tabasamu baya.

"Wewe ndiwe ulimsema. Leo unamtetea. Amekupatia nini?"

"Hajanipea kitu! Hatujaongea tangu aende."

"Basi mlikuwa mnagawana, mkakosana, sasa mmepatana. Umenifundisha mwenyewe, Andati: anayekuja na maneno matamu, mwangalie mikono."

Andati akafungua mikono yake yote miwili bila kujua, ikiwa na grisi tupu. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa watoto. Wandera alijishughulisha na spana ambazo hazikuwa na kazi.

"Mpigie," Mwalimu alisema. "Weka spika. Nisikie mnavyoongea."

Simu iliita mara nne.

"Titus, ndugu yangu, mulembe. Ni Andati. Nataka kukuomba msamaha. Ile maneno ya dizeli, ilikuwa makosa yangu. Haukuiba."

Pikipiki zilisikika zikipita upande wa pili.

"Nani ako hapo na wewe?" aliuliza Titus.

"Titus, sikia—"

"Umeniweka kwa spika. Nasikia vile inavuma. Andati, mimi nabeba watu na pikipiki hapa, sina shida na mtu. Bibi yangu alirudi kwao juu ya hayo maneno yako. Mara hii mnataka niseme nini ndio nishikwe?" Sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. "Niacheni. Tafadhali, niacheni tu."

Akakata.

Mwalimu Khalayi akatoa kitambaa mkobani, hakukitumia, akakirudisha.

"Hamjapanga," alisema polepole. "Mtu aliyepanga haogopi namna hiyo."

Kisha akanyoosha mkono.

"Lete funguo za lori; nilikwambia siku ya kwanza. Halafu tupande teksi, unionyeshe njia ya Iguhu, nikamwone leo."