Kielelezo Na. 1: Mche wa Mgomba Kutoka Murusagamba hadi Biharamulo

Nilikwenda Biharamulo kwa sababu ya mwandiko wangu. Katika kikundi chetu cha wakulima wa migomba, mwenye mwandiko unaosomeka ndiye katibu, na katibu ndiye mbeba bahasha. Ninyi mnaonisimamisha kila siku ya soko kuniuliza safari ilikuwaje na mche uliishia wapi, someni hapa mara moja, kisha mniache niuze maharage yangu.

Jambo lenyewe lilianza redioni. Tulisikia kwamba Bungeni kuna muswada wa kuzuia magonjwa ya mimea, na kwamba ndani yake kuna kifungu kinachosema mtu akimpa mwenzake mche wa mgomba nje ya kata yake bila cheti cha mkaguzi, ametenda kosa. Mnyauko, ugonjwa unaokausha migomba, tunaujua. Uliwahi kutufyekea vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, mpaka tukawa tunanunua ndizi kama watu wa mjini, kwa hiyo hakuna aliyekataa tahadhari. Tatizo ni kwamba mkaguzi mwenyewe tunamsikia redioni tu, kama tunavyosikia bei ya pamba. Na katika koo zetu mche wa kwanza hauna cheti: binti akiolewa, bibi yake humchimbia mche kwenye kibanja chake kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo mji wa binti unapoanza.

Aliyechomwa na kifungu hicho kuliko sisi sote ni Mama Leokadia. Mnyauko ulipopita kwake ulimwachia migomba mitatu ya mbegu ya marehemu mama yake, naye ameilea kama watoto njiti. Hata kisu hakikati jani kabla hakijapita motoni. Mjukuu wake, Devota, ameolewa Nyakahura, kwa Wasukuma wenye ng'ombe wengi na mahindi mengi na wasio na hata jani moja la mgomba. Mwaka ule mche mmoja ulikuwa tayari kuhamishwa. Mmoja tu. Na Bunge lilikuwa linaahirishwa Ijumaa.

Tukapata habari kwamba mheshimiwa mmoja wa kamati inayoushughulikia muswada atapita Biharamulo Jumatano kusikiliza wadau, kisha atarudi Dodoma. Mwenyekiti wetu, Mzee Sospeter, aliyekuwa karani wa serikali enzi zake, aliamuru tuandike barua. Akaamuru pia mche wa Devota uende kikaoni, ili mheshimiwa auone ulivyo na afya.

"Tutauandika kuwa kielelezo," alisema. "Mdomo mtupu hausikilizwi."

Mama Leokadia alikubali kwa sharti moja: wakati wa kurudi, mche ushuke Nyakahura. Basi nikakata kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi zangu nzuri KIELELEZO NA. 1, nikakifunga shingoni mwa mche.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Murusagamba kwa pikipiki mbili. Mimi nilibeba bahasha, Mama Leokadia alipakata mche ndani ya gunia bichi, na Mzee Sospeter alivaa koti lake la suti, lililofika Rulenge likiwa na rangi ya barabara. Barua ilikuwa na muhuri wa mtendaji wa kata, lakini muhuri ulikuwa umefifia upande mmoja, na jambo hilo lilimnyima mwenyekiti raha hata ya kunywa chai pale Rulenge. Alisema karatasi yenye muhuri nusu ni nusu karatasi.

Mchana tulikuwa mjini Ngara tukitafuta muhuri mwingine. Tuliingia ofisi moja, tukaelekezwa nyingine, na katika ile ya tatu kijana wa mapokezi aliisoma barua yote kwa heshima.

"Mmealikwa na nani?" aliuliza.

"Na redio," nikasema.

Aliwaza kidogo, akachukua muhuri uliokuwa karibu naye, akagonga: IMEPOKELEWA. Barua haikuwa imeandikwa kwenda kwao, lakini Mzee Sospeter alitoka pale akitembea kama mtu aliyeponywa. Usiku tulilala Nyamiaga kwa dada yangu, na mche ulilala kwenye beseni lenye maji kidogo, ukiwa umetunzwa kuliko sisi.

Jumanne, baada ya adhuhuri, tulishuka Nyakahura. Devota alitupokea akikimbia, na kabla hata ya maji ya kunywa alimshika bibi yake mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na shimo. Amelichimba mwenyewe, kina na upana wake sawasawa, na ndani amejaza samadi iliyooza vizuri, maana kwa samadi nyumba ile haina mpinzani. Mama mkwe wake alisimama kando, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mwadeela! Ndiyo mgomba wenyewe huo?" alisema, akitusalimu kwa Kisukuma. "Huyu mtoto wenu ametunyima usingizi. Kila ndama akikatiza hapa ni kelele."

Devota alinyoosha mikono kuupokea mche. Mama Leokadia akautazama, akamtazama mwenyekiti.

"Umeshaandikwa kwenye barua," Mzee Sospeter alisema. "Barua ina mihuri miwili. Hatuwezi kufika na barua inayotaja kitu kisichokuwepo. Huo utakuwa uongo mbele ya Serikali."

"Kesho tu, mjukuu wangu," Mama Leokadia akasema. "Jioni utakuwa umeshaupanda."

Hapo ndipo tulipokosea, na ninakiri kwamba sikufungua mdomo. Tulikuwa na mche, shimo, samadi na mwenye shamba, vyote mahali pamoja, tukaviacha ili barua isione aibu.

Jumatano asubuhi, Lusahunga, gari letu lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mazao. Mlinzi, kijana mpole wa uso aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alifunua gunia.

"Nini hiki?"

"Mgomba," alisema Mama Leokadia.

"Hauruhusiwi, mama. Kuna sheria mpya."

"Sheria haijapita, afande," nikasema. "Bado ni muswada. Ndiyo tunakwenda kuutolea maoni."

"Redio imesema unapita wiki hii. Nianze leo au nianze Ijumaa, tofauti iko wapi?"

Mzee Sospeter alifungua bahasha, akamwonyesha barua. Mlinzi aliruka maneno yote akaenda moja kwa moja kwenye mihuri. Kisha akasoma kibao shingoni mwa mche.

"Kumbe ni kielelezo," alisema. "Mngesema mapema. Kielelezo hakizuiliwi. Piteni."

Mwenyekiti alinitazama kwa ushindi njia nzima mpaka Biharamulo, na nilistahili, maana hoja yangu ilikwama mahali mihuri yake ilipopita.

Saa nne tuliingia ukumbini. Viti vya mbele vilikuwa na majina ya wadau waliosajiliwa. Sisi tulipata benchi la nyuma, karibu na kreti za soda. Mshereheshaji alitangaza kwamba kwa kuwa Mheshimiwa ana safari, kila mdau atapewa dakika mbili. Yeye mwenyewe alitumia ishirini kuwatambulisha wageni. Tulipoitwa, Mama Leokadia alipita katikati ya ukumbi amekumbatia mche, na mimi nyuma yake na bahasha. Mshereheshaji alituona, uso ukamng'aa.

"Na sasa akina mama kutoka Ngara wamemletea Mheshimiwa zawadi! Makofi tafadhali!"

Ukumbi ulilipuka makofi. Mheshimiwa alisimama, akaupokea mche kwa mikono miwili, akapigwa picha. Nikageuka kumtafuta mwenyekiti atuokoe. Alikuwa anapiga makofi. Msaidizi wa Mheshimiwa akauchukua mche na barua yetu pia, akatoka navyo nje.

"Shikamoo, mama," alisema Mheshimiwa. "Asante sana kwa zawadi."

"Marahaba, mwanangu. Haikuwa zawadi, ilikuwa ushahidi. Lakini umeshapokea. Una cheti?"

"Cheti gani, mama?"

"Cha mkaguzi. Mimi nimetoa mche nje ya kata yangu, wewe umeupokea, na hawa wote wameona. Kwa kifungu chenu hicho, gari la polisi lisibebe mtu mmoja. Twende wote."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akafuta macho, akasema huo ni mchango mzito na kwamba ameunakili. Mama Leokadia alifungua tena kinywa. Najua alichotaka kusema, maana tulikiandaa pamoja: kwamba mkaguzi aletwe kwenye kata ndipo cheti kidaiwe, na kwamba mche ule una mwenyewe Nyakahura. Kengele ililia. Dakika mbili zilikuwa zimekwisha, na nyingi katika hizo zilikuwa za kucheka.

Tulipotoka, gari la Mheshimiwa lilikuwa limeshaondoka, na mche ndani yake. Mama Leokadia alikaa kwenye ngazi za ukumbi, akaanza kujifunga na kujifungua kitenge.

"Nimekuja kuutetea," alisema, "nimeugawa mwenyewe."

Alilia. Katika miaka yote niliyomjua, hata mnyauko ulipomaliza kibanja chake, sikuwa nimemwona akilia. Niliona haya, na nilimkasirikia Mzee Sospeter, na kisha nilijikasirikia mimi, kwa sababu kibao nilikiandika mimi.

Saa tisa alasiri tulikuwa tena Lusahunga. Gari lilisimama kizuizini, na dirishani niliona mwandiko wangu kabla sijauona mche. KIELELEZO NA. 1, kando ya kibanda cha mlinzi, kwenye udongo uliolowana. Yule kijana alikuwa anaumwagilia kwa kopo.

"Dereva wa Mheshimiwa ameuacha," alituambia. "Amesema unachafua viti. Nimeona nisiuache ufe."

Mama Leokadia alishuka garini kabla sisi hatujapata akili. "Asante, baba. Basi turudishie."

"Mna barua?"

Tulitazamana. Barua, na mihuri yake miwili, ilikuwa njiani kwenda Dodoma.

"Bila barua siyo kielelezo tena," mlinzi alisema, na nitasema kwa haki yake kwamba alisema kwa huzuni. "Ni mgomba."

Mzee Sospeter alipapasa mifuko ya koti lake kana kwamba humo mngekuwa na barua nyingine. Dereva wetu alipiga honi. Mama Leokadia aliuzunguka mche, akauinamia, akautikisa kidogo.

"Umeupanda juu juu. Upepo wa kwanza utauangusha." Akapiga magoti pale pale, akachimba kwa mikono, akaushusha, akaushindilia udongo. Mlinzi akachuchumaa kumsaidia. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Masanja."

"Nyakahura unapajua?"

"Ninapita huko nikienda kwetu, mama. Kila mwisho wa mwezi."

"Huu utazaa watoto. Wa kwanza si wako, ni wa mjukuu wangu Devota. Ulizia nyumba yenye shimo."

"Mama, hilo litakuwa kosa."

"Litakuwa kosa," alikubali, akisimama na kujipangusa magoti. "Chagua wenye majani membamba kama upanga. Wenye majani mapana una haraka ya bure, hautazaa vizuri."

Kwa Devota hatukukaa sana. Alipoona mikono mitupu aliingia ndani, na tulimsikia akipanga vyombo kwa nguvu. Mama mkwe ndiye aliyeleta matawi ya miiba akafunika mdomo wa shimo ndama wasivunjike miguu.

"Shimo halili chakula," alituambia. "Litangoja."

Ijumaa, saa mbili usiku, tulikuwa nyumbani Murusagamba tumeizunguka redio. Ilisemwa kwamba Bunge limeahirishwa, na kwamba kutokana na ufinyu wa muda, miswada kadhaa imesogezwa hadi mkutano ujao, wetu ukiwa mmojawapo. Mzee Sospeter alisimama akatangaza ushindi, na pombe ya ndizi ikatolewa. Tangu siku hiyo mnamwita mwangusha muswada, naye anaitika.

Mimi niliyekuwepo nimejifunza kidogo kuliko yeye. Nimejifunza kwamba kuna watu wanaoitii sheria kabla haijazaliwa, na wengine wanaoipitisha huku wakiivunja kwa mikono miwili na kupigwa picha. Nimejifunza kwamba aliyetusaidia kweli hakuwa hoja yetu wala mihuri yetu, alikuwa kalenda, na kalenda haina upande. Na kama mtanituma tena, mche utapandwa kwanza, barua itafuata.

Mvua zilipita, zikaja nyingine. Wiki iliyopita Devota alinipigia simu, maana bibi yake hana, nami nikakimbia na simu mpaka kwenye kibanja, nikaiweka kwa sauti. Alisema mchana ule amefika mtu wa pikipiki amevaa koti la mvua kwenye jua kali, akiulizia nyumba yenye shimo. Chini ya koti alikuwa na mche. Hakukubali hata maji, alikuwa anaangalia barabara muda wote. Ameuliza tu kama kuna anayejua muswada, ambao kila mkutano unasogezwa mbele, utarudi Bungeni lini, kwa sababu ana miwili mingine ya kupeleka kabla.

"Na shingoni una kibao, bibi," Devota alisema. "Kimeandikwa Kielelezo Namba Mbili. Mwandiko mbaya sana."

Mama Leokadia alifuta udongo mikononi kwa kitenge, akaisogelea simu. Kisha akauliza majani yakoje.

"Membamba, bibi," Devota akasema. "Membamba kama upanga."