Mwaka Ngagara Ilipokuwa ya Wakulima

Zamu yetu ilipofika, kwenye baraza ya duka tulikuwa mimi, wadogo zangu watatu, mwandishi aliyetumwa na ofisi kuhesabu watu wa Ngagara, mtaa wetu wa mjini, jirani yetu profesa, na Mwarabu mwenye duka. Ilikuwa Ramadhani, na Mwarabu alikuwa amefunga.

Mwandishi aliwapanga watu kwa kazi zao. Juu wakubwa wa ofisi, halafu makarani na wafanyabiashara, halafu mafundi, halafu wakulima. Chini kabisa wasio na kazi. Kwetu sisi mstari huo wa chini ulikuwa na maana moja: nyumba ilikuwa ya serikali, baba na mama walikuwa wamekufa, na mkubwa wa nyumba asipokuwa na kazi, funguo anapewa mwingine. Mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi, msichana niliyeacha shule ili wengine wale.

Profesa alitangulia. Yeye nyumba ilikuwa yake. Vita ilikuwa imeanza, naye aliogopa wenye bunduki, wasije wakasikia mshahara unalala wapi.

"Mi niko mukulima," akasema, miwani puani.

"Shamba iko wapi?"

Akaonyesha lengalenga, mchicha kidogo nyuma ya jiko lake. Mwandishi akaandika. Asubuhi hiyo hakimu na mwenye malori nao walikuwa wamegeuka wakulima, bila kushika jembe. Msomi atakayefungua makaratasi yale siku moja ataandika kitabu kinene juu ya mashamba ya Ngagara, na atapandishwa cheo.

"Na we, kazi gani?"

"Natunza hawa. Nachota maji, nafua nguo za watu, nakaanga mandazi."

"Hiyo apana kazi. Hiyo ni kuwa yaya yao, dada yao mukubwa. Kazi ni kitu unalipwa kila mwezi."

"Na mwenye analipwa kila mwezi bila kufanya kitu, unamuweka wapi?"

"Juu kabisa," akajibu bila kucheka, na kalamu ikaanza kushuka kuelekea mstari wa chini.

"Andika karani," Mwarabu akasema. "Huyu ni karani wangu. Wallahi."

Mwandishi alimtazama, akatazama beseni la mandazi miguuni pangu, akaandika karani. Nyumba ikabaki yetu.

Mwandishi alipoondoka, Mwarabu alinigeukia.

"Nimeapa uongo na nimefunga. Siku yangu ya leo umeikula, mama."

"Nitakufungia moja, baba. Njaa naijua."

"Njaa yako haina nia," akasema. "Saumu ni kuacha chakula chenye unacho."

Sikuwa nacho. Miaka ile nilishinda bila kula mara nyingi, lakini hakuna hata mara moja niliyochagua mwenyewe. Yeye alihama na duka lake kabla vita haijaisha. Sasa sufuria yangu inajaa. Kila Ramadhani naamka nimekusudia kuacha chakula, nimlipe siku yake, nasikia harufu ya maharage, nakula. Siku ya Mwarabu bado iko kwangu.