Majina Yapite Taratibu

Mimi ndiye niliyesema majina yapite taratibu. Naanza na hilo kabisa, maana huku Kilwa kila mtu analijua, na nikilificha nitachekwa mara mbili.

Mwaka ule kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kiliamua kurusha Sikukuu ya Iddi mubashara kutoka kwetu Kilwa Masoko: swala, kisha baraza, hotuba na kaswida, mpaka saa sita mchana. Mubashara maana yake ukikosea umekosea, nchi nzima imeona, hakuna kurudia. Wakatafuta mwenyeji wa kuwaonyesha njia, na mwenyeji nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma salamu za wasikilizaji kwenye redio yetu ndogo kwa miaka minne, na sidhani kama kuna jiko ukanda huu ambalo sauti yangu haijaingia. Nilipopigiwa simu niliruka. Naapa niliruka kweli, nikagonga kichwa kwenye boriti ya banda la kuku, na bado nikacheka.

Sasa lazima nimweleze baba yangu. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Tingi, na alitaka niwe muuguzi. Nilipoacha chuo cha uuguzi nikaenda redioni hakunifukuza wala hakuninunia. Alichofanya ni kuacha kuitaja kazi yangu. Watu wakimuuliza yule binti yako mdogo anafanya nini siku hizi, anajibu, "Yupo tu." Miaka minne, mimi nipo tu! Dada yangu, muuguzi huko Mtama, anatajwa mpaka na zamu zake. Iliniuma, nisiseme uongo. Nikimwambia baba kwamba natangaza, anasema hata muuza samaki anatangaza. Siku moja aliniambia wazi kwamba ataiamini kazi yangu atakapoiona imeandikwa mahali.

Timu ilipofika nikagundua kwamba kwenye televisheni cheo ni jambo la kufa na kupona. Yupo mtayarishaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani kichwani na simu tatu mkobani, ambaye neno la mwisho ni lake. Sisi tulimwita bosi. Yupo mwongozaji, anayekaa ndani ya gari la matangazo mbele ya ukuta wa vioo vidogo vidogo na kuamua nchi ione picha ya kamera ipi. Chini yao wapo watayarishaji wenza, kila mmoja na kipande chake: wa wageni, wa muziki, wa muda. Halafu wasaidizi. Halafu, chini kabisa karibu na nyaya, mwenyeji. Nani yuko juu ya nani utajua mwishoni, majina yanapopanda kwenye kioo: kwenye kituo kile wadogo hutangulia, wakubwa hufunga. Watu wazima na ndevu zao waligombana mbele yangu kwa ajili ya kusogezwa mstari mmoja. Niliwacheka kimoyomoyo siku mbili nzima. Siku ya tatu na mimi nikaugua ugonjwa huo huo.

Ilikuwa hivi. Mafundi walijenga jukwaa la kamera kubwa upande wa kibla wa uwanja wa swala, mbele ya safu ya kwanza, eti hapo picha itakuwa nzuri. Picha nzuri gani, imamu anasujudia viatu vya mpiga picha? Masheikh walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kusema neno, na kwetu huku wazee wakiondoka bila kusema neno ujue umekwisha. Bosi alikuwa anasubiri walalamike ili ajitetee. Nikamwambia hao hawalalamiki, siku ya Iddi hawatakuja, basi. Nikaenda kwa mnunuzi mmoja wa korosho ambaye lori lake lilikuwa limekaa tu likingoja msimu, nikaliomba, tukaliegesha ubavuni mwa uwanja, kamera ikapandishwa juu yake. Kisha nikarudi kwa masheikh, nimejitanda vizuri, shikamoo nyingi, samahani nyingi. Wakaja, wakaliona lori, wakacheka, mambo yakaisha.

Jioni ile bosi akaniita. "Kuanzia leo wewe si mwenyeji," akasema. "Ni mtayarishaji mwenza. Na jina lako litapita."

Sikulala vizuri kwa raha. Nilimpigia shangazi yangu, dada yake baba, naye akauliza mwenza wa nani, huyo mume mnayechangia anatoka wapi. Nikampigia na baba. Nikamwambia siku ya Iddi awashe televisheni mapema na asubiri mpaka mwisho kabisa, kuna kitu nataka akione kimeandikwa. Akajibu kwamba miwani yake imevunjika mkono mmoja, siku hizi anasoma polepole. Ndipo nilipomwomba bosi majina yapite taratibu. Bosi, ambaye furaha ya lile lori ilikuwa haijamtoka, akakubali bila hata kufikiri.

Kisha akanipa kazi moja ndogo: nikusanye majina ya wenyeji wote waliotusaidia, nao wapite kwenye kioo. Nikanunua daftari, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza "Jina na kazi uliyofanya", nikaliacha kwa mlinzi wa uwanja. Wa siku ya kwanza waliandika walivyoelekezwa. Nikaridhika. Kumbe siku ya pili fundi umeme alimuuliza mlinzi daftari hili la nini, na mlinzi akamjibu ni la yule dada wa salamu, yaliyomo yatatoka kwenye televisheni. Yule dada wa salamu! Miaka minne watu hawa wamenijazia kadi, na kadi ya salamu ina utaratibu wake: unajitaja, unasema uko wapi, unawataja unaowasalimu mmoja mmoja, unamalizia na ujumbe. Nani angewalaumu?

Mimi sikuyasoma. Siku ya ishirini na nane nilikwenda nalo Tingi kufuturu na baba, nikalitupa mezani nikaingia jikoni kuosha vyombo, kesho yake nikalirudisha kwa mlinzi. Nilikuwa nimepanga kukaa nalo siku ya thelathini ya mfungo, nichague, nifute, nipange. Lakini mwezi hauulizi ratiba ya mtu. Siku ya ishirini na tisa, magharibi, tende bado iko mdomoni, simu zikaanza kulia: umeonekana. Iddi kesho! Mtaa mzima ukalipuka, watoto wanapiga kelele, mafundi wanakimbizana na nyaya, bosi anatafuta kiatu. Mtu wa grafiki, ambaye alibaki ofisini Dar es Salaam, akanipigia kuuliza orodha iko wapi. Nikazipiga picha kurasa zote za daftari, moja baada ya nyingine, bila kuzitazama, nikamtumia kwa simu, na chini yake nikaandika: weka yote kama yalivyo.

Kama yalivyo. Mungu anisamehe.

Asubuhi ya Iddi, jamani, niliona raha ambayo sijui nitaieleza vipi. Kanzu zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Akina mama wamejaza upande wao mpaka barabarani, udi unanukia, watoto wamevaa miwani ya plastiki. Mimi nakimbia huku na huku na kifaa cha mawasiliano sikioni, nasema "kamera mbili, subiri kidogo" kwa sauti ambayo hata mwenyewe nilikuwa siijui. Swala ikaenda vizuri. Kaswida ikatikisa uwanja. Mgeni rasmi akahutubia kwa muda uleule aliopewa, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Saa sita kasoro dakika nne bosi akanivuta mkono niingie kwenye gari la matangazo, nilishuhudie jina langu. Saa sita kamili mitambo ya Dar es Salaam ingekata yenyewe na kuingia kwenye habari, lakini majina yalihitaji dakika moja na nusu tu. Tulikuwa tumefika salama. Mwongozaji akaagiza majina, yakaanza kupanda juu ya picha ya watoto wenye maputo. Mlinzi wa uwanja. Mpishi wa daku. Mchota maji. Taratibu, vizuri, hata asiye na miwani anasoma. Bosi akanipiga begani.

Kisha akapanda fundi umeme. Fundi umeme, akiwa Kilwa Masoko, alimsalimu mama yake mzazi aliyeko Kilangala, shemeji zake wote wa Mtama, na wote wanaomfahamu popote walipo. Ujumbe: majirani tupendane.

Akafuata dereva wa lile lori, akawasalimu madereva wenzake kila mmoja kwa jina lake la utani. Ujumbe: barabarani tuheshimiane. Akafuata mama aliyetupikia uji, akawasalimu wanawe tisa kwa mpangilio wa kuzaliwa, akamruka mkwe mmoja, na akaeleza kwamba amemruka makusudi. Vyote hivyo vinapanda taratibu, kama nilivyoomba.

Bosi akasema iondoeni. Mwongozaji akasema orodha inaendeshwa kutoka Dar es Salaam. Wakampigia mtu wa grafiki, simu inaita tu. Baadaye tulisikia alikuwa ameshawasha mtambo akaenda zake kula pilau. Mimi nilianza kucheka. Nilijua nafukuzwa, tena leo leo, na bado kicheko kinatoka tu, nimeshika kiti nisianguke. Bosi akanigeukia kwa hasira za kweli, akafungua mdomo aniseme, jicho likamwangukia mtandika majamvi, ambaye ujumbe wake ulikuwa kwa mchumba wake na ulisema: jibu langu ni ndiyo. Akavunjika mbavu. Mwongozaji akalaza kichwa mezani. Huko nje, mbele ya kioo kikubwa cha uwanjani, kila jina lililopita lilipokelewa kwa vigelegele, na aliyesalimiwa alinyanyuliwa juu juu.

Zikabaki sekunde ishirini. Watayarishaji walikuwa bado hawajaanza, bosi na mimi hatujulikani tuko wapi huko chini. Hapo kicheko kikanikauka, maana nilimkumbuka baba. Amekaa Tingi mbele ya televisheni na miwani yake ya mkono mmoja, kila mstari anausoma, ananitafuta. Nilitamani niingize mkono ndani ya kioo nilivute jina langu lije juu. Miaka minne, halafu nafasi naikosa kwa sekunde, na kosa ni langu mwenyewe.

Ukapanda mstari wa mwisho wa daftari. Haukuwa na salamu wala ujumbe. Yalikuwa majina matatu ya baba yangu, kamili, na mbele yake maneno haya: "Mwalimu mstaafu, Tingi. Baba mzazi wa mtayarishaji."

Saa sita. Habari.

Niliomba radhi kwa kila mtu, nikasamehewa na karibu kila mtu, nikaondoka. Nilifika Tingi alasiri na kifaa bado kiko sikioni, nimekisahau. Shikamoo baba, marahaba. Sahani yake ya pilau ilikuwa imefunikwa, haijaguswa, na yeye ameinamia karatasi ya mistari. Shangazi amekaa pembeni ananifanyia ishara ninyamaze. Nikamuuliza ule mstari aliuandika lini. Akasema nilipokuwa naosha vyombo. Alifungua daftari, akaona kila aliyesaidia ameandikwa isipokuwa yeye. Nikamuuliza alisaidia nini. Akasema, nani alinifundisha kusoma hizo salamu?

Lakini hakuwa na nafasi ya maswali yangu, kwa sababu alikuwa amekasirika kwelikweli. Jina langu halikutoka. Alilisubiri mpaka habari zikaisha, akalisubiri mpaka utabiri wa hali ya hewa, halikutoka. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, daftari langu, na ile taratibu niliyoiomba mwenyewe. Hakutaka kusikia. Alikuwa anawaandikia barua. Juu ameshaandika kwa herufi kubwa: "YAH: KUTOONEKANA KWA JINA LA BINTI YANGU KATIKA MATANGAZO YA IDDI." Chini, nakala kwa mkuu wa wilaya. Katikati alikuwa amekwama, na ndiyo sababu pilau ilikuwa inapoa.

"Cheo chako kwa ukamilifu kinaitwaje?" akauliza. "Nisije nikakupunguza."

Nikamtajia. Akaandika mtayarishaji, akanitazama kama anahakikisha, akaandika mwenza, akachukua rula akapiga mstari chini ya yote mawili. Nikakaa sakafuni palepale nikalia kwa furaha, na baba akaniambia nisogee, nisimlowanishie karatasi.