Sanda Saba Nilizotia Sahihi Zichomwe

Nilikosa, na sikukosa kwa kutojua. Asiyejua husamehewa. Mimi nilijua, tena katika chumba kile, kati yetu wenye beji, nilikuwa peke yangu niliyejua. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, watu nisiowaona.

Jina langu silitaji. Mkilijua mtanihukumu kwa jina, na huo ndio mchezo niliowachezea wengine miaka miwili mizima.

Kwanza mjue mimi ni nani. Mimi si mtu wa kubebwa! Nilitoka Kasongo nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, na shati mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka sita ng'ambo nilisafisha vyoo vya hoteli asubuhi na kusoma mchana. Nilirudi na diploma ya usalama wa viwanja vya ndege. Katika mtaa wetu, tangu mababu zetu walipofika na misafara ya biashara, hakuna aliyewahi kuwa nayo. Hata leo hakuna. Nalisema hilo katikati ya aibu yangu, kwa sababu ni kweli.

Nikapata kazi katika uwanja wa mji mkubwa wa mashariki, ule ambako ndege ndogo za kwenda Kasongo huondokea. Nilipewa beji. Juu yake niliandikisha jina langu la shule, lile la Kifaransa nililopewa na masista. Jina la babu, jina la Kiislamu, nililifupisha: herufi moja na nukta. Nilijiambia kwamba beji ni ndogo.

Beji haikuwa ndogo.

Aliyenilea ni mama wa baba yangu. Nitamwita Bi Mwamini. Kwa kuwa nilipewa jina la mume wake, desturi yetu inasema mimi ni mume wake. Tangu sijaweza kutembea alikuwa akiniita hivyo. "Bwana yangu amekula? Nani amemliza bwana yangu?" Hata niliporudi na suti na diploma, alinipokea mlangoni akipiga vigelegele: "Bwana yangu amerudi, wanawake wengine mukae mbali!"

Na jina hilo hilo la mume wake ndilo nililolikata nikabakiza nukta!

Sasa kosa lenyewe. Waasi walikuwa wameua watu wengi upande wa kaskazini, na wauaji wale walijiita Waislamu. Mkubwa wetu akatukusanya akasema, "Mufungue macho." Basi. Hakusema tumfungulie nani macho. Hilo nililijaza mwenyewe, mimi mwenye diploma, mimi niliyetaka kuwa chef, mkuu wa walinzi wa kituo.

Nikaanza kusoma orodha ya abiria kabla hawajafika. Ramazani, pembeni. Saidi, pembeni. Mwenye kofia, pembeni. Mama mwenye mtandio uliofunika mpaka kidevu, pembeni. Nilikuwa nasema neno hilo moja na kuonyesha kwa kidole, mpaka wachukuzi wa mizigo wakanipa jina: Monsieur Pembeni. Nikifika asubuhi wananiimbia. Nilidhani wananisifu.

Siku moja nilimweka pembeni mzee mmoja wa Kabambare, Amisi kwenye orodha. Akafoka.

"Mimi ni katekista!"

"Katekista Amisi?" nikamcheka.

"Baba yangu Amisi, babu yangu Ramazani, na mimi nafundisha watoto komunyo! Weye ulizalikia wapi, usiyejua majina ya mkoa wetu wa Maniema?"

Nikafungua begi lake. Rozari, kitabu cha nyimbo, na samaki mkavu. Wachukuzi walicheka hadi wakashika ukuta. Mimi nilizaliwa Kasongo, najua vizuri kwamba kwetu padri anaweza kuitwa Shabani na hakuna anayegeuka. Lakini nilimwambia, "Sheria ni sheria, papa." Sheria gani? Haikuandikwa popote!

Ningeachia pale. Sikuachia.

Katika mtaa wetu yuko fundi cherehani, mzee ambaye ndiye aliyenishonea kaptura yangu ya kwanza ya shule. Mwanawe alibahatika kwenye dhahabu ya Salamabila, akamlipia baba yake safari ya Makka. Habari ilipoenea, wazee wa mtaa ambao hawatafika huko hata wakiishi mara mbili walimletea sanda zao. Ni desturi: ukishindwa kwenda wewe, sanda yako inakwenda. Inachovywa katika maji ya Zamzam, inakaushwa juani kule, inarudi inakungoja. Watu saba walimpa. Alizikata mwenyewe, akafunga kila moja kwa utepe, na juu ya utepe akaandika jina la mwenye sanda kwa wino.

Mimi sikujua kwamba nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sikulijua.

Haji, maana sasa fundi aliitwa hivyo, alipokuwa anarudi, ndege yake ya kwenda Kasongo ilikuwa kwangu. Siku hiyo mkubwa wa kampuni yetu ya ulinzi alikuwa amekuja kutoka mji mkuu, amesimama nyuma yangu na kalamu mkononi. Nafasi ya chef ilikuwa wazi. Nikamwona mzee anakuja na kanzu yake nyeupe, kofia, ndevu zimetiwa hina. Moyo ukaniruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha! Nilijiambia, huyu nimetumiwa na Mungu.

"Pembeni," nikasema.

Akaninyooshea mikono miwili. "Mjukuu wa Mwamini! Alhamdulillahi, nimefika nyumbani!"

Mkubwa akaniangalia. Nikahisi beji inawaka kifuani.

"Papa, hapa hakuna mjukuu wa mtu. Fungua furushi."

Mikono yake ikabaki hewani kidogo, kisha akaishusha. Alinitazama mimi, akamtazama mkubwa, akaielewa hesabu yote. Tangu hapo hakuniita tena mjukuu wa mtu.

"Sawa, chef," alisema.

Tukaingia kwenye chumba cha upekuzi. Nikafungua. Vitambaa vyeupe visivyoshonwa, vimekunjwa. Kamba za kitambaa. Pamba. Kifuko cha unga mweupe unaonuka kwa ukali, kafuri ile ambayo kila mtoto wa nyumba ya Kiislamu ameinusa siku alipofiwa.

"Unga gani huu?" mkubwa akauliza. "Na vitambaa hivi?"

"Ni sanda, bwana mkubwa," Haji akajibu.

"Sanda ni nini?"

Hakumwuliza Haji. Aliniuliza mimi. Nilihitaji sentensi moja tu: ni nguo ya kuzikia wazee wa mtaani kwetu. Mzee angepanda ndege yake, ambayo injini yake ilikuwa bado haijawashwa.

Nikasema, "Mkubwa, ni vitambaa vya watu waliojiandaa kufa."

Sikudanganya hata neno moja! Huo ndio ubaya wake. Nilichukua ukweli nikauelekeza pale nilipotaka uanguke. Mkubwa alirudi nyuma hatua mbili. Askari wakaitwa. Mzee akawekwa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi mwa askari.

Nikaamriwa kupekua vitambaa kimoja kimoja. Cha kwanza, jina la mzee anayeuza mafuta ya mawese sokoni. Cha pili, cha tatu. Cha sita, utepe mwembamba wa buluu, na maandishi ya Haji yaliyopinda: Mwamini, mke wa fulani. Hilo "fulani" ni jina langu. Jina zima, bila nukta.

Nikaweka kidole gumba juu yake.

Haji aliniona. Akainamia kiatu chake kilichobaki. Mkubwa akanisogezea karatasi ya vitu vya kuteketezwa. Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, niliifanyia mazoezi ng'ambo.

Mchana huo huo zilichomwa nyuma ya ghala la mizigo. Haji aliachiwa jioni, hakuna kosa lililopatikana. Alingoja ndege nyingine siku tano. Mwisho wa mwezi, nikawa chef.

Nilipopata likizo nilikwenda Kasongo nimebeba sanda mpya, kitambaa kizuri kuliko kile cha Haji mara kumi. Nilidhani jambo litaishia hapo. Nikamkuta Bi Mwamini amekaa kwenye mkeka anachambua sombe, majani ya muhogo, akaanza kunisifu mbele ya majirani kabla sijavua viatu.

"Munamuona? Ndege hairuki kama bwana yangu hajasema ruka! Haji anasema mizigo yetu ilikwama kule uwanjani kwao. Nimewaambia wenzangu mutulie, kule iko bwana yangu, atazifuata."

Nikampa kitambaa changu. Akakipapasa, akakikunja, akanirudishia.

"Kizuri. Lakini hiki hakijafika Makka. Changu kimefika, kiko njiani."

Kesho yake walikuja wote, wale sita wengine. Wazee wa watu, wengine kwa fimbo, walikaa kwenye baraza wakaniomba nitafute sanda zao. Na mimi nilifanya nini? Nilifungua daftari! Nikaandika jina la kila mmoja na alama za kitambaa chake, kama karani wa vitu vilivyopotea. "Utepe wangu ulikuwa mwekundu, mwanangu." "Yangu imepasuka kidogo pembeni, andika hivyo." Niliandika. Mimi niliyeona moshi wa sanda hizo!

Nikaenda kwa Haji. Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha mguu.

"Papa, asante kwa kunisitiri."

"Sikukusitiri weye. Nimemsitiri Mwamini. Anatembea mtaani na jina lako mdomoni kama karanga. Nani atamtemesha? Si mimi." Akakata uzi kwa meno. "Weye ndiye utamwambia. Fanya haraka, yule si mtoto."

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho. Likizo ikaisha. Nikamuaga nikiwa juu ya moto, injini inanguruma, ili asiniulize kitu.

Miezi minne baadaye nilirudi. Safari hii hakuna vigelegele. Alikuwa ndani, amelala, amekonda. Nikainama kumshika mkono. Akanitazama, kisha akaniita kwa jina langu la shule. Lile la beji! Lile ambalo miaka yote alisema ulimi wake hauliwezi. Alilitamka vizuri, kama sista.

"Karibu," akasema. "Kiti kile pale."

Hakuniuliza habari ya sanda. Hakunipa neno hata moja baya. Sijui nani alimwambia. Haji aliapa si yeye. Labda wachukuzi wa mizigo, labda katekista Amisi alipita sokoni akimsimulia Monsieur Pembeni, na mtu akajumlisha. Nilipiga magoti nikasema, "Nyanya, ni mimi, bwana yako." Akageukia ukuta.

Alifariki wiki ya pili. Wanawake waliomwosha walitoka kuuliza kama sanda ipo. Nikatoa ile yangu.

Makaburini watu walinipongeza. "Umemvika nyanya yako vizuri, kitambaa gani kile!" Kila aliyenipa mkono alinisifu, na mimi niliitika, asante, asante. Wa mwisho alikuwa Haji. Alinipa mkono wake wenye sugu za mkasi, akasema maneno mawili.

"Pole, chef."

Bado nina kazi yangu. Bado mimi ni chef. Pembeni nimeifuta, lakini sasa nina vijana wanne walioisoma kwangu, na nikigeuka tu wanaitumia, tena kwa kidole kile kile. Nikiwakemea wananishangaa: "Chef, si weye ulitufundisha?"

Wale wazee sita, wawili wameshazikwa kwa kitambaa cha dukani. Wanne wapo. Hunitumia salamu kwa kila anayepanda ndege: mwambie chef asisahau daftari. Barua hii ikichapishwa, watasomewa na wajukuu wao. Basi nawaambia hapa, kwa kuwa mdomo wangu ulishindwa: wazee wangu, msingoje tena. Nilizichoma mimi.

Na wewe uliyepewa beji, uwe uwanjani, mpakani au mlangoni pa ofisi, nakuonya. Utakapomwambia mtu wa watu "pembeni" kwa sababu ya jina lake, tazama kwanza jina unaloficha wewe. Mimi nililificha kwa nukta, kisha kwa kidole gumba. Sasa aliyekuwa akiliita kwa mapenzi yuko chini ya udongo wa Kasongo, na hakuna mtu tena hapa duniani ambaye mimi ni bwana yake.