Miamba Bila Mutu

Nusu ya Kisangani imepita mbele ya kamera yangu: maharusi, watoto wa ubatizo, hata marehemu. Shule ya msingi sikuimaliza, lakini studio ni yangu toka sementi mpaka bati, na hakuna aliyenishika mkono.

Papa, fundi wa mitumbwi kutoka Yanonge, hakuwahi kunisifu kwa hilo hata mara moja. Utotoni nilizoea kwenda uwanja wa ndege wa Simi-Simi kutazama ndege zikiruka. Aliniambia: "Wewe utaishia hapa tu, kuangalia migongo ya ndege ya wengine." Maneno hayo nimeyabeba miaka yote.

Basi nilipokwenda Namibia kununua gari, nilijua nitamletea nini: picha ya mbali nilikofika. Dereva niliyemkodi alinifikisha jangwani alfajiri. Jua likatoka nyuma yangu, miamba ikawaka kama makaa yaliyopulizwa. Hakuna mti, hakuna maji. Dereva akanyoosha mkono kwa ishara: nipe kamera, nikupige picha wewe. Nikakataa. Kamera yangu haishikwi na mtu. Nikaipiga miamba mwenyewe.

Na kwetu picha ni mtu, amesimama mzima, viatu vionekane. Mimi ndiye ninayewafokea wateja: rudi nyuma, nataka viatu!

Niliporudi, picha ya miamba niliisafisha kubwa, nikaitia fremu. Papa alikuwa hainuki tena kitandani. Akaitazama muda.

"Uko wapi?"

"Ni mimi nilipiga, papa."

"Sikuuliza nani alipiga. Wewe mwenye, uko wapi?"

Nikamwonyesha kivuli changu, kirefu, kimelala juu ya jiwe.

"Hii ni kivuli. Kivuli iko ya kila mutu."

Nikatoa pasipoti yenye mihuri. Hakujua kusoma, akausukuma mkono wangu taratibu. "Bon. Picha bila mutu ni kalenda. Kalenda ni muzuri. Weka pale ku ukuta."

Dada yangu akageuka upande, anacheka.

Papa akafa wiki ileile. Matangani tonton, mdogo wake, akanishika bega: "Papa yako alituambia ulimuletea kalenda. Alifurahi sana, mwanangu." Alikuwa ananifariji, nikamshukuru.

Siku ya maziko familia yote ilijipanga nyuma ya jeneza, viatu vimepigwa rangi. Shemeji, anayeniita yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, akaja: "Leta kamera, yaya, ingia na wewe."

Nikamwambia arudi kwenye mstari, viatu vyake havionekani, nikapiga.

Picha hiyo iko sebuleni kwa dada. Wote wamo.